Mgonjwa wa saratani asiachwe mikono mitupu



Mwezi uliopita nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi, nikashika matatu ya Narok, kisha nyingine hadi Bomet. Ndugu yangu anafundisha shule ya upili huko, na ameoa huko huko. Nilikwenda kumjulia hali mama mzazi wa wifi yangu, ambaye ana saratani ya umio, ile njia ya chakula inayotoka kooni kwenda tumboni. Wajukuu zake humwita kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, nami nikamwita hivyo hivyo.

Nilimkuta ameketi nje akiota jua la saa nne, kajifunika shuka mabegani. Baridi ya kule si ya mchezo kwa mtu wa pwani. Mapajani alikuwa na bunda la uzi wa sufu, na mikononi sindano mbili za kufumia. Alikuwa anafuma sweta ya kitukuu ambaye bado hajazaliwa. Nikamwamkia, "Chamgei, kogo." Akaniitikia, akatabasamu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Ngoja nimalize mstari huu, mwanangu."

Maneno hayo yalinirudisha nyumbani Mombasa. Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na saratani ya titi, na katika miezi yake ya matibabu hakuiacha sindano. Yeye hakufuma sufu. Alishona kofia za mkono, zile za matundu madogo yanayozungushiwa uzi mmoja mmoja. Ukimletea uji angekwambia, "Ngoja nimalize tundu hili." Wanawake wawili ambao hawakupata kuonana, mmoja wa Kericho na Bomet, mwingine wa Mji wa Kale, maneno yao ni mamoja.

Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa uzito wake. Tunapojadili saratani nchini tunazungumza mashine, bima na madaktari, na ni haki kuzungumza hayo. Lakini kuna jambo moja halimo katika mipango yetu, nalo ni saa, siku na miezi ambayo mgonjwa anakaa tu. Nani anakaa naye, na mikono yake inafanya nini?

Kwa nini Bomet

Msomaji huenda akauliza, ya Bomet yanatuhusu nini sisi watu wa bahari? Yanatuhusu, kwa sababu eneo lile limeijua saratani kwa namna ya peke yake. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, imekuwa ikipokea wagonjwa wa saratani ya umio kwa wingi kwa miaka mingi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha taarifa ya wagonjwa 109 waliopatikana na saratani hiyo pale wakiwa na umri wa miaka 30 au chini. Haya ni maradhi ambayo kwingi duniani huwapata zaidi wazee.

Wengi hufika wakati chakula hakipiti tena. Kwanza ugali unakwama, kisha wali, kisha uji, mwishowe hata maji na mate. Kwa wagonjwa wa hatua hiyo, Tenwek imejulikana kwa kuweka kibomba cha waya kinachojitanua ndani ya umio ili njia ifunguke. Kibomba hicho hakiponyi saratani. Kinamrudishia mtu uwezo wa kumeza, na kwa aliyekaa siku kadhaa bila kumeza maji, hilo si jambo dogo. Kogo wetu amewekewa kibomba cha namna hiyo.

Sababu za ugonjwa huo kuwa mwingi kule bado zinachunguzwa, na zinazotajwa ni nyingi. Zipo tumbaku na pombe, moshi wa jikoni, lishe, urithi wa kifamilia, na maziwa ya mursik yanayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Vinatajwa pia vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilisema vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Kinacholaumiwa hapo ni ule moto, si majani ya chai yenyewe. Basi na sisi tunaopiga kahawa tungu ikitoka moja kwa moja kwenye dele tuliweke hilo akilini. Kuiacha ipoe kidogo hakupunguzi ladha ya barza.

Mikono iliyozoea kazi

Kogo alichuma chai kwa zaidi ya miaka thelathini. Ukipita barabara ya Kericho kwenda Litein na Kaplong utaona mashamba hayo yalivyojipanga kijani kitupu, kilima baada ya kilima. Makampuni makubwa yalianza kulima chai huko miaka ya 1920, na kuanzia hapo maisha ya watu yakafungwa kwenye majani mawili na kichipukizi. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Jioni anajua hasa mikono yake imefanya nini, kwa sababu mizani imemwambia.

Kazi hiyo yenyewe sasa inagombaniwa. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai huko Kericho, katika shamba la kampuni ya Ekaterra, wakilalamika kwamba mashine zinawanyang'anya watu riziki. Habari ile ilifika hadi kwetu. Lakini mchumaji anayeondolewa shambani na maradhi hakuna anayemwandamania. Anarudi nyumbani kimya kimya, na mikono iliyokuwa ikihesabu kilo inabaki kulala mapajani.

Kogo aliniambia kwamba ule ugonjwa haukumuumiza kama lile neno "pumzika". Kila anayemtembelea humwambia apumzike. Wanawe walimnyang'anya jembe, wakamnyang'anya sufuria, wakamkataza hata kukamua ng'ombe. Walifanya kwa mapenzi. Yeye akahisi amezikwa kabla ya siku yake. Binti yake, yaani wifi yangu, ndiye aliyemletea uzi na sindano kutoka sokoni. Kufuma alikuwa amejifunza akiwa msichana, enzi ambazo kila nyumba ilikuwa na vitambaa vya viti vilivyofumwa kwa mkono, na kila mtoto mchanga wa nyanda zile za baridi alifumiwa sweta na kofia.

"Nikilala usiku," aliniambia, "najua leo nimefuma mistari ishirini." Mizani yake imerudi kwa sura nyingine.

Mshono husema kabla ya mdomo

Hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani hatujalifikiria vya kutosha. Tunaiona kazi ya mikono kuwa ni kitu cha kumpumbaza mgonjwa, kumsahaulisha maumivu. Ni kweli inasahaulisha kidogo. Lakini nimejifunza, tena kwa gharama, kwamba inafanya na kazi ya pili. Inamsema mgonjwa.

Mamangu alipokuwa akipata dawa za saratani kwa mishipa, zile tunazoziita kemo, alikuwa na wenzake watatu wa mtaani waliokuja baada ya Alasiri kushona naye. Mimi nilikuwa nikitoka kazini nimechoka, namuuliza, "Mama, hujambo?" Naye ananijibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Mambo yakaishia hapo kwa wiki kadhaa.

Siku moja bibi mmoja miongoni mwa wale watatu alinivuta pembeni, akanionyesha ile kofia. Matundu ya mwanzo yalikuwa sawasawa kama yamepimwa kwa rula. Ya wiki mbili za mwisho yalikuwa yamepanuka, mengine yamepishana. Akaniambia, "Huyu hasikii ncha za vidole. Mwenyewe hatakwambia."

Ilikuwa kweli. Baadhi ya dawa za kemo huumiza mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Vidole vinakufa ganzi, kifungo kinakuwa kigumu kufunga, sindano inaanguka bila mtu kuhisi. Daktari akiambiwa mapema anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Asipoambiwa, ganzi huweza kukaa muda mrefu hata baada ya dawa kwisha. Katika kliniki ile, ambayo siitaji, mamangu alikuwa akiulizwa kwa haraka kama ana tatizo, na akijibu kwa haraka kwamba hana. Hakusema, nami sikuona. Aliyeona ni yule aliyekaa karibu yake na kuijua kazi ya mkono wake. Tulipomweleza daktari, alibadilisha kipimo.

Tulivu haina maana mzima

Ya kogo yalikuwa karibu na hayo, lakini yalielekea upande wa pili. Kabla sijafika, familia ilikuwa imeruka siku yake ya kurudi kliniki. Nilipouliza kwa nini, kijana wake mkubwa alinijibu kwa nia njema kabisa, "Shangazi, yeye yuko sawa. Anafuma tu siku nzima, halalamiki."

Kumbe kwa siku kumi kogo alikuwa hamezi vizuri. Ukimwekea uji anaupeleka mdomoni mara mbili, anauweka chini, anashika sindano. Watu wakamwona anafuma, wakatulia. Ile kazi iliyokuwa faraja yake ikawa pazia. Mwenye kibomba cha umio akianza tena kushindwa kumeza anatakiwa arudi hospitali mara moja, kwa maana chakula huweza kukwama ndani au uvimbe ukakua na kuziba njia upya. Hilo si la kungojea mwisho wa mwezi.

Aliyegundua alikuwa jirani yake, mwanamke mwenzake wa kanisani, aliyekuja kufuma naye asubuhi mbili mfululizo. Aliona kikombe cha uji kimejaa vile vile kilivyoletwa. Akamwambia wifi yangu, na kesho yake alfajiri wakampeleka. Chakula kilikuwa kimeganda ndani ya kibomba, kikaondolewa. Mimi nilifika siku nne baadaye, nikamkuta juani na uzi wake.

Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Sindano ya mamangu ilifichua ugonjwa, ya kogo ikauficha. Uzi ni ule ule. Kilichowaokoa wote wawili ni mwenzao aliyekuja kukaa nao akifanya kazi ile ile. Kwa hivyo tusiseme "mpeni mgonjwa uzi" tukadhani tumemaliza. Mpeni uzi na mtu wa kufuma naye.

Hoja za wanaopinga

Najua wapo watakaosema hii ni anasa. Mgonjwa hana nauli ya kwenda Eldoret au Nairobi kupigwa mionzi, wewe unamzungumzia uzi? Hoja hiyo ina uzito na siibezi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalisema Wakenya zaidi ya 42,000 walipata saratani mwaka ule, na zaidi ya 27,000 walifariki kwayo. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kiwango kilichotangazwa cha matibabu ya saratani kilikuwa Sh550,000 kwa familia kwa mwaka, ukijumlisha mifuko miwili. Familia yoyote iliyopitia mionzi, kemo na upasuaji inajua fedha hizo zinavyoyeyuka. Kiongozi atakayekuja na kikapu cha nyuzi mbele ya kamera huku duka la dawa la hospitali ni tupu, huyo anatufanyia mzaha, na tumwambie hivyo.

Wapo pia wanaovuka mpaka upande wa pili, wakasema kazi za mikono zinatibu. Hazitibu. Mwaka 2013 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza wafumaji zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali. Waliofuma mara kwa mara walisema wanajisikia watulivu na wenye furaha zaidi. Hayo ni maneno ya wafumaji wenyewe kuhusu nafsi zao. Hayaonyeshi kwamba kufuma kunapunguza uvimbe hata kwa ncha ya sindano. Dini yetu imetuamrisha tutafute dawa na tumtegemee Mwenyezi Mungu, yote mawili kwa pamoja. Uzi haukai mahali pa dawa.

Lakini msiba wa mgonjwa ni kwamba dawa haichukui siku nzima. Kemo inaweza kuwa saa chache katika wiki tatu. Mionzi ni dakika. Kilichobaki ni foleni, benchi, kitanda, na kusubiri majibu. Ukihesabu vizuri, kusubiri ndiko sehemu kubwa kuliko zote ya kuugua saratani Kenya, na ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeipangia chochote.

Na mahali ambapo wagonjwa wamejipangia wenyewe, tumeona matunda. Huko Thika, wanawake waliopona saratani ya titi wamekuwa wakifuma kwa uzi matiti ya bandia ya kuvaa ndani ya sidiria, kwa ajili ya wenzao waliokatwa. Wazo hilo lina ndugu zake Marekani, kwa kundi la Knitted Knockers lililoanzia jimbo la Washington, ambalo hufuma na kugawa bure. Ya uzi ni mepesi, yanafulika, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya silikoni. Mwanamke aliyekuwa akijifunika mtandio kifuani anarudi kutembea wima. Tena anayemfumia amepita njia ile ile, kwa hivyo wanapokutana kupimana ukubwa wanazungumza yale ambayo hawajamwambia daktari wala mume.

Tufanye nini pwani

Sisi hatuna sufu, wala joto letu halitaki sweta. Lakini kazi za mikono tunazo tele. Kuna kofia, kuna ukili wa mikeka na misala, kuna vitambaa vya kufuma, kuna kudarizi. Nyingi zinakufa kwa sababu kofia za mashine zimejaa dukani. Ninayo mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalongoja bajeti kubwa.

La kwanza, wodi na kliniki za saratani zitenge kona moja yenye viti vya kuketi kwa mduara. Viti vyetu vya hospitali vimepangwa kama vya basi, kila mtu anaangalia kisogo cha mwenzake. Watu hawawezi kuzungumza na visogo.

La pili, vikundi vya akina mama vya misikiti, makanisa na mitaa vipange zamu ya kukaa na wagonjwa kwa kazi ya mkono, wasiende kwa ziara ya kuombea dua na kuondoka tu. Hospisi zetu, kama Coast Hospice hapa Mombasa, zinaweza kuwaelekeza watu hao dalili za kuangalia: hamezi, hasikii vidole, mkono umevimba, ana homa.

La tatu, tuwe na tahadhari. Anayepata kemo kinga yake ya mwili huwa imeshuka, kwa hivyo kidonda kidogo cha sindano kinaweza kumletea taabu. Vidole vikishaingia ganzi, aache sindano kali, achukue kulabu ya kufumia au sindano nene za mti, au asuke ukili uliolowekwa ukalainika. Aliyekatwa titi na kuondolewa tezi za kwapa asifululize saa nyingi. Apumzishe mkono, na ukivimba amwone daktari. Na homa kwa mgonjwa wa kemo si ya kutuliza kwa panadol nyumbani. Ni ya kukimbilia hospitali.

La nne, wanaume. Kogo ana mume. Mzee yule hukaa upande wa pili wa nyumba, hana la kufanya, anaogopa, na haongei. Huku kwetu mababu walishona nyavu na kusuka madema. Kuna mikono mingi ya kiume inayotetemeka kimya nje ya wodi za saratani. Nayo ipewe kazi.

Siku ya kuondoka, kogo alikuwa amefika kwenye mikono ya ile sweta. Alikuwa amekosea mahali, akafumua karibu nusu nzima, akaanza upya bila kukunja uso. Nikamwuliza, haoni uchungu? Akasema uzi haukupotea, umerudi kwenye bunda. Yule jirani yake alikuwa pale, na kikombe cha uji kilikuwa kitupu. Nilikiangalia kabla sijaiangalia sweta.

Kofia ya mamangu ninayo bado. Upande wake mmoja haukukamilika, na matundu ya mwisho ni makubwa na yamepishana. Nilikuwa nikifikiria kumpa fundi aimalizie. Sasa nimeamua ibaki ilivyo, niwe naitazama kila ninapotaka kumuuliza mgonjwa "hujambo" na kuondoka.